Kizimba cha Mishale: Mwanamke Aliyepona na Nyumba Isiyomwamini

Hotuba iliyotolewa mbele ya wauguzi, wakunga na wapenzi wa sinema, baada ya kuonyeshwa filamu ya Kikannada iitwayo Sharapanjara.

Ndugu mwenyekiti, wauguzi na wakunga wenzangu, wazee wetu, na nyote mliovumilia kukaa hadi taa zikawashwa, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema baada ya filamu hii na si kabla yake. Ningesema kabla, ningelazimika kuwasimulia kisa. Sasa kisa mmekiona wenyewe, nami nimeona jinsi mlivyonyamaza Kaveri alipochukuliwa mara ya pili. Hakuna aliyekohoa wala kusogeza kiti. Kimya kile nakifahamu vizuri, kwa sababu nimekutana nacho mara nyingi mlangoni mwa wodi, siku ambayo mama aliyekuwa mgonjwa wa akili anaruhusiwa kurudi kwake, na jamaa waliokuja kumchukua wanasimama hatua tatu kutoka kwake wakiwa hawajui washike mkono wake au washike mizigo.

Sharapanjara ni filamu ya Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kusini mwa India, ambalo mji wake mkuu ni Bengaluru, uliokuwa bado ukiitwa Bangalore nilipofika huko mwaka 2003 kusomea uuguzi. Sisi wa Afrika Mashariki tunapotaja filamu za Kihindi tunamaanisha zile za Bombay, na miaka ya karibuni tumezoea pia za Kitelugu na Kitamil zinazotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili kwenye mabanda ya video. Za Kikannada hutufikia kwa nadra. Mimi mwenyewe nisingezijua lau si mama mwenye nyumba niliyopanga, mjane wa miaka sabini na kitu ambaye nilimwita Ajji, yaani bibi, kama walivyomwita wajukuu zake. Ajji ndiye aliyeniwekea filamu hii kwa mara ya kwanza, kwenye VCD iliyokuwa ikikwamakwama, akinifasiria kwa Kiingereza kidogo alichokuwa nacho, na Kiingereza kilipoisha alifasiri kwa mikono.

Tuanze na jina. Shara ni mshale na panjara ni kizimba. Sharapanjara ni kizimba kilichojengwa kwa mishale. Ningeweza kusema tundu, lakini nimelipenda zaidi neno kizimba, kwa sababu kwetu kizimba hufungiwa kuku, na kizimba ni pale pia anaposimama mshtakiwa mahakamani, na Kaveri amewekwa katika vyote viwili kwa wakati mmoja: amefungiwa, tena anashtakiwa kila siku bila ya mtu kumsomea mashtaka.

Kisa nitakipitia kwa haraka ili tuwe pamoja. Kaveri, mwenye jina la mto unaoheshimiwa kuliko yote katika jimbo lile, ni mwanamke mchangamfu anayependana na Satish na kuoana naye. Maisha yao ni mazuri, wanapata mtoto, na sehemu ya kwanza ya filamu imejaa nyimbo za Vijaya Bhaskar, mojawapo ikiwa ni shairi la D. R. Bendre, mshairi mkubwa wa Kikannada. Kisha Kaveri anajifungua mtoto wa pili, na jambo la zamani alilokuwa amelizika moyoni, lililomhusu kijana aliyemfahamu kabla ya ndoa, linafufuka na kumwelemea. Akili yake inavurugika. Anapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, anatibiwa, anapona na kurudi nyumbani. Nyumbani hawaamini kwamba amepona. Mume amejitenga naye, na baadaye Kaveri anagundua kwamba ana mwanamke mwingine kazini kwake. Hapo anavunjika upya, na safari hii tunamwona akirudishwa hospitali bila ya tumaini kwamba atatoka.

Aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hii ni Triveni. Hilo lilikuwa jina la kalamu la Anasuya Shankar, mwandishi wa Mysore aliyezaliwa mwaka 1928, akaandika riwaya zipatazo 20 kwa muda wa miaka kumi hivi, na karibu zote zilichungulia ndani ya akili za wanawake wa kawaida, wake za watu na mabinti wa watu, wakati ambapo waandishi wengi walikuwa wakiwaeleza wanawake hao kwa kuwatazama tu kutoka sebuleni. Alifariki mwaka 1963, hajatimiza miaka 35, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike. Naomba mnisamehe nikisimama kidogo hapa. Mwanamke aliyeandika kwa undani kuliko wengine wote wa lugha yake juu ya mama anayeangamia baada ya kuzaa alikufa naye akiwa mzazi, na hakuiona hata moja ya filamu ambazo Puttanna Kanagal alizitengeneza kwa Kikannada kutokana na vitabu vyake. Kila nikiangalia jina lake likipita mwanzoni mwa filamu, mimi niliyezoea kuhesabu siku za mwanzo baada ya uzazi kwa vidole, nalisoma kama jina la mgonjwa wetu.

Puttanna Kanagal, mwongozaji, alikuwa mtoto wa kijiji kimoja cha wilaya ya Mysore, na hadi leo serikali ya Karnataka inatoa tuzo kwa waongozaji wa filamu kwa jina lake. Filamu yake ya kwanza ya Kikannada, Belli Moda ya mwaka 1967, ilitokana na riwaya ya Triveni, na mwigizaji mkuu alikuwa Kalpana, ambaye ndiye aliyeigiza Kaveri mliyemwona leo. Sharapanjara ilikuja miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikapata tuzo ya taifa ya India kwa filamu bora ya Kikannada. Ajji alikuwa akiniambia kwamba wanawake wa rika lake walikwenda kwa fundi cherehani wakiwa na jina la Kalpana mdomoni: blauzi kama ya Kalpana, mikono kama ya Kalpana. Nilipomuuliza kama waliokuwa wakishona nguo za Kaveri waliwatendea wagonjwa wa mitaani kwao kama filamu ilivyowafundisha, hakunijibu, akainuka kwenda kuangalia maziwa jikoni. Jibu lake lilikuja baadaye, nami nitawafikishia.

Ili mwone ukubwa wa kazi ya Triveni na Puttanna, inanibidi niilinganishe na filamu nyingine ya Kikannada juu ya mwanamke mwenye matatizo ya akili, iliyotoka nikiwa huko, na ambayo kila mtu wa Karnataka anaijua. Tarehe 17 Aprili 2004, ndege ndogo iliyombeba mwigizaji Soundarya ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka kiwanja cha Jakkur, Bangalore, alipokuwa akienda kwenye kampeni za uchaguzi. Alikuwa amekwisha kuigiza filamu iitwayo Aptamitra, na filamu hiyo ilitolewa mwezi Agosti, miezi minne baada ya kifo chake. Nilikwenda kuiangalia na wanafunzi wenzangu, na ukumbini nilisikia watu wakilia alipotokea tu kwenye skrini, kabla hajatamka neno.

Aptamitra, iliyoongozwa na P. Vasu, ni filamu ya taharuki hasa. Ganga, ambaye ndiye Soundarya, anahamia na mumewe katika jumba la kale la kifalme lenye chumba kisichofunguliwa. Chumba hicho kilikuwa cha Nagavalli, mchezaji ngoma ambaye mfalme alimuua kwa kuwa alimpenda mwanamume mwingine. Ganga anafungua mlango. Yanaanza mambo ya kutisha, na lawama zinamwangukia msichana mwingine wa nyumba ile, hadi daktari Vijay, anayeigizwa na Vishnuvardhan, anapotambua kwamba mgonjwa ni Ganga mwenyewe: nafsi yake imegawanyika, na usiku anakuwa Nagavalli, akiimba na kusema Kitelugu, lugha ya mchezaji ngoma yule. Filamu hii ilitokana na ya Kimalayalam ya mwaka 1993, Manichitrathazhu, iliyozaa pia Chandramukhi ya Kitamil mwaka 2005 na Bhool Bhulaiyaa ya Kihindi mwaka 2007. Hii ya mwisho najua wengi wenu mmeiona.

Waliokuwa nami ukumbini walishtuka Ganga alipobadili lugha. Mimi, mtoto wa pwani, sikushtuka. Nilihisi niko nyumbani. Nani kati yetu aliyekulia Tanga, Pemba au Mombasa asiyewahi kusikia habari za mwanamke aliyepandisha, akaanza kusema kwa lugha asiyoijua, akadai marashi au kitambaa au kinywaji asichokigusa siku zake zote, na fundi akakaa mbele yake kwa adabu kumuuliza mgeni jina lake ni nani na anataka nini? Daktari Vijay anafanya hivyo hivyo. Anashirikiana na mganga wa kutoa pepo, wanampa Nagavalli anachokidai, yaani nafasi ya kumuua mfalme, ila wanaweka sanamu mahali pa mume, naye anaikata sanamu. Usiku ule ule Ganga anapona.

Kuna jambo moja la vilinge vyetu ambalo nalitaja kwa heshima, ingawa mimi ni mtu wa hospitali na sitamshauri yeyote amwache daktari. Aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Neno hilo linasema kwamba yeye amekaliwa tu. Aliyekuja ni mwingine, na mwanamke hana la kujibu kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake usiku ule. Tena ngoma ikimalizika, mtu huyo hupata wenzake, waliopita alipopita yeye, na siku mwingine akiuguzwa naye ataitwa aje kupiga makofi. Harudi nyumbani peke yake.

Ganga naye anaachiwa kivuli cha namna hiyo, kwa sababu mashaka yote wanabebeshwa Nagavalli na mfalme wake. Lakini angalieni filamu inakoishia. Inaishia usiku wa kupona, watu wakitabasamu, mume akimpokea mkewe mikononi. Hatuonyeshwi wiki ya pili. Hatuonyeshwi siku ya kwanza Ganga atakapopandisha sauti kwa sababu ya chumvi iliyozidi kwenye mchuzi, na mama mkwe akageuka kumtazama. Nawaambia kwa yakini ya mtu aliyewatazama wagonjwa wengi wakitoka getini kwamba hapo ndipo penye taharuki, na Sharapanjara, iliyotengenezwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya Aptamitra, inaanzia pale ambapo Aptamitra inaishia. Ndiyo maana naiita filamu ya kutisha, ingawa haina jumba la kale wala chumba kilichofungwa. Mlango wa nyumba ya Satish uko wazi mchana kutwa, na hofu inaingia kupitia hapo pamoja na wageni.

Mtu aliyerudi kutoka hospitali ya akili anapokonywa kitu ambacho sisi wengine tunacho bila ya kujua kwamba tunacho, nacho ni haki ya kuwa na hisia za kawaida. Mimi nikikasirika nimekasirika. Yeye akikasirika, ugonjwa umerudi. Akicheka sana watu wanatazamana, akinyamaza wanatazamana, akisafisha nyumba kwa bidii wanasema ona anavyohangaika, akikaa wanasema ona amekaa tu. Akisema, "Mume wangu ana mwanamke mwingine," wanatikisa vichwa kwa huruma. Hapa ndipo Triveni alipokuwa mjuzi. Wivu ni dalili inayojulikana katika magonjwa ya akili, yaani mgonjwa huweza kushikilia kwamba anasalitiwa wakati hasalitiwi, na kila mtu katika nyumba ile yuko tayari kumtibu Kaveri wivu wake. Ila Kaveri anasema kweli. Satish ana mwanamke. Mtu pekee mwenye akili timamu juu ya jambo hilo ni yule aliyeandikiwa cheti cha ugonjwa, na anachovunjikia mara ya pili ni kweli aliyoiona kwa macho yake na kukosa wa kumwambia.

Nimemsikia mtu akisema hapa nyuma, filamu ilipokuwa ikiendelea, kwamba Satish ni shetani. Dada yangu, mimi sioni hivyo, na naamini Puttanna hakutaka tumwone hivyo. Satish ni mtu aliyechoka na anayeogopa, ambaye hakuna aliyemweleza mkewe ana nini, wala atapona lini, wala amguse au asimguse. Hilo halimsafishi. Alikuwa na wajibu, akaukimbilia mbali. Lakini nikimwita shetani nitakuwa nimemfungulia mlango wa Aptamitra, niseme uovu ulikuwa wa kiumbe mwingine, wakati wanaume kama Satish wanakaa kwenye mabenchi yetu kila asubuhi na tunapita mbele yao na mafaili bila ya kuwaambia neno.

Sasa niseme kama mkunga. Ugonjwa wa Kaveri una jina, saikosisi ya baada ya kujifungua, na haukutungwa na mwandishi. Mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua hupatwa na kuvurugika kwa akili kwa namna ile, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza: halali usingizi hata mtoto akilala, anasema harakaharaka, anaona au kusikia visivyokuwapo, anaamini mambo yasiyo na msingi juu ya mtoto au juu ya watu wa nyumbani. Ni dharura, sawa na kutokwa na damu nyingi, na mama huyo hapaswi kuachwa nyumbani kusubiri Jumatatu. Tofauti na huo upo mfadhaiko wa kawaida zaidi unaofuata uzazi, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria, pamoja na matatizo mengine ya akili, kwamba huwapata asilimia 13 ya wanawake waliojifungua ulimwenguni, na karibu asilimia 20 katika nchi kama zetu. Ugonjwa wa Kaveri unatibika, na wengi wanaotibiwa hupona vizuri. Filamu iko sahihi kabisa ilipomtoa hospitali akiwa mzima.

Lakini kuna mahali nisipokubaliana nayo, na mapenzi yangu kwayo hayanizuii kusema. Kisa kinaufungamanisha ugonjwa na hatia ya Kaveri juu ya yaliyopita kabla ya ndoa, kana kwamba uzazi ulikuja kumdai deni la mwili wake. Hatari ya ugonjwa huu huongezeka kwa mwanamke mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, au aliyewahi kuupata katika uzazi uliotangulia, au ambaye mama yake au dada yake aliupata. Kukosa usingizi kunachangia, na mabadiliko makubwa ya homoni baada ya kujifungua yanashukiwa. Ugonjwa hauulizi kama bibi harusi alikuwa bikira. Nimewaona walioolewa wakiwa hawajawahi kushikwa mkono wakipatwa nao vilevile. Najua Triveni aliandika katika zama ambazo elimu ya akili ilipenda kutafuta siri iliyozikwa, na najua pia kwamba alitaka kuonyesha ukatili wa jamii inayomlimbikizia mwanamke aibu hadi akili ikashindwa kuibeba. Hata hivyo naomba mnaotoka hapa leo msiende kumuuliza mgonjwa wenu alifanya nini alipokuwa msichana.

Nirudi kwa Ajji. Siku ile ya VCD, tulipofika pale Kaveri anaporudi nyumbani, alibonyeza kitufe akasimamisha picha, akaniambia anakwenda kutengeneza kahawa. Kule kahawa yenye maziwa hunywewa katika kikombe kidogo cha stili kinachokaa ndani ya kibakuli chake, na mnywaji huimimina huku na huku ipoe na kutoa povu. Vyombo vya stili vya kule mara nyingi huchongwa jina kwa nuktanukta pembeni. Alirudi na vikombe viwili, changu na chake, akanigeuzia chake nisome ukingoni. Sikuweza kusoma herufi za Kikannada kwa haraka, akanisomea yeye: lilikuwa jina la mdogo wake.

Mdogo wake huyo aliugua baada ya uzazi wake wa kwanza, katika miaka ya 1960, wakiwa wanaishi wote kijijini upande wa Mysore. Alipelekwa Bangalore, akakaa hospitali miezi minne, akarudi mzima. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfungia. Mama mkwe wake alimnunulia tu kikombe chake na sahani yake, vizuri, vipya, vya bei kuliko vya wengine, na akaviandikisha jina lake ili visichanganyike na vya nyumbani. Watoto walipouliza kwa nini shangazi ana kikombe chake, waliambiwa wanyamaze, na walipokuwa wakicheza uani walimwita huchchi, yaani mwendawazimu, kwa sababu walikuwa wamelisikia neno hilo mahali fulani. Ajji aliniambia kwamba yeye naye alikuwa akikiosha kikombe kile peke yake, mwisho, baada ya vingine vyote, na kwamba hakuwahi kujiuliza kwa nini, hadi alipoketi katika ukumbi wa sinema karibu miaka kumi baadaye na kumwona Kalpana akiingia katika nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Wakati huo mdogo wake alikuwa amekwisha kufariki. Ajji alikwenda kwa wakwe zake akakiomba kikombe, wakampa kwa furaha, na tangu siku hiyo alinywea kahawa yake humo kila asubuhi. Baada ya kunieleza hayo alibonyeza kitufe, picha ikaendelea.

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu nilipelekwa kwa mafunzo ya wiki chache katika wodi za akili, na huko ndiko nilikozoea desturi ya hospitali za kule ambayo niliipenda mno: ndugu wa mgonjwa hukaa naye wodini, analala karibu naye, anaona dawa zinavyotolewa, anamwona akibadilika siku kwa siku. Taasisi ya taifa ya afya ya akili iliyoko Bengaluru, NIMHANS, iliyoundwa mwaka 1974 kwa kuunganishwa hospitali ya akili ya mji ule na chuo kilichokuwapo tangu mwaka 1954, ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 ilianzisha sehemu ya kulaza mama na mtoto wake mchanga pamoja, ili mama aliyevurugikiwa akili baada ya uzazi asitenganishwe na mwanawe, anyonyeshe panapowezekana, na ajifunze tena kumshika chini ya macho ya wauguzi. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimesharudi nyumbani, na kitu cha kwanza nilichokifikiria ni kwamba Kaveri angelazwa humo, na Satish angelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, akimwona akipona.

Sisi hapa hatuna sehemu kama hiyo katika hospitali ninayofanya kazi. Tuna vitanda viwili kwenye pembe ya wodi ya wazazi na pazia la kuvuta. Mwaka jana tulikuwa na mama mmoja, uzazi wa pili kama wa Kaveri, aliyetufikia siku ya tisa akiwa hajalala usiku nne, akiamini kwamba mtoto amebadilishwa. Alitibiwa. Alipoanza kupata usingizi alimtambua mwanawe, na kuanzia hapo tukawa tunamwachia amshike, mwanzoni tukiwa pembeni yake, baadaye tukiwa mbali. Mume wake alikuwa akija kila jioni, nami kila jioni nilimkalisha, nikamweleza mke wake ana nini, dawa zinafanya nini, atazinywa hadi lini, dalili zipi zikionekana amrudishe mara moja, na mambo gani si dalili. Nilimwandikia hayo ya mwisho kwenye karatasi: kulia si dalili, kukasirika si dalili, kukuuliza ulikuwa wapi si dalili.

Siku ya kuruhusiwa mume huyo alikuja na mama yake mzazi, mwanamke mzuri, mwenye khanga mpya, aliyekuwa amefunga safari kutoka mbali kwa ajili ya mjukuu. Mkwe wake alikuwa ameshasimama, mtoto kifuani, tayari kutoka. Bibi yule alinyoosha mikono yote miwili, kwa upole kabisa, akasema, "Nipe nimbebe mwanangu, usije ukachoka." Nikaona uso wa yule mama ukibadilika, na mikono yake ikianza kulegea kumtoa mtoto. Nilikuwa nimeshika mkoba wa nepi na chupa ya chai. Nikauweka mkoba kwenye mikono ya bibi, nikamwambia, "Shikamoo mama, tusaidie huu, ndio mzito," na tukatoka wote wanne hadi getini, mama akiwa mbele na mtoto wake.

Asanteni kwa kunisikiliza.